Barabara ya Peck na Siasa Kali za Mjomba Delmar

Kilima cha Peck,
Wexley, Vermont
10 Februari

Mpwa wangu Corinne,

Umeniuliza kama huku kwetu kuna mtu analitumia lile neno ulilopewa kazini, la mtu kuingiwa na siasa kali. Umesema mnakusanya maneno yalivyosemwa na watu wa kawaida kabla hamjaiandika maana kwenye kamusi yenu. Mpwa, umebisha mlango wenyewe. Usitafute mfano. Mfano ni mimi.

Limeandikwa kwenye jarida la mji la mwezi huu, ukurasa wa pili, chini ya tangazo la paka aliyepotea. Nimekukatia kwa mkasi. Kama limebanduka njiani, linasema hivi: "Wakazi wa Kilima cha Peck wana haki ya kutoa maoni yao, lakini ndugu yetu Delmar Tatro ameingiwa na siasa kali." Aliyeandika ni Lorraine Bushey, mwenyekiti wa baraza la mji na mwenye duka, yule aliyekuwa akikupa donati za bure wakati hujaota hata meno ya kuzitafunia.

Sasa kisa chenyewe. Baraza linataka barabara yetu ifutwe kwenye orodha ya barabara za mji. Ikifutwa, gari la kusukuma theluji halipandi, greda halipandi, basi la shule halipandi. Wanasema huku juu kuna mawe mengi kuliko watu. Na mimi niko mwisho kabisa wa barabara hiyo, mimi na kibanda changu ninamochemshia maji ya miti hadi yawe shira. Bila barabara shira itashuka vipi? Mimi mwenyewe nikiumwa nitashuka vipi? Itanibidi nihame. Nyumba niliyozaliwa, nyumba aliyofia babu yako, niiache nikapange chumba mjini juu ya mashine za kufulia nguo za watu!

Barabara ina kasoro zake, sikatai. Mwaka ule wa matope makubwa greda la mji lilizama mbele ya nyumba ya jirani yangu Gilles Fortin, likaibukia upande wa pili wa kilima majira ya joto, taa zinawaka, na dereva amenenepa. Mimi mwenyewe nilipoteza buti pale kwenye kona. Nilipolipata lilikuwa na samaki ndani. Nikamkaanga. Lakini barabara mbovu ni barabara, Corinne, kama vile mjomba mbovu ni mjomba.

Na siasa mimi sikuwa nazo, mama yako ni shahidi. Siku ya Mkutano, Jumanne ya kwanza ya Machi, mji mzima umekaa ukumbini kwenye viti vya kukunja unapigia kura kila kitu hadi chumvi ya kumwaga barabarani, mimi kazi yangu ilikuwa kulinda meza ya pai. Msimamizi akisema, "Wanaokubali waseme ndiyo," nasema ndiyo. Akisema, "Wanaokataa waseme siyo," nasema siyo. Kila mtu aondoke na furaha yake.

Jarida lilipotoka nikashuka nalo hadi dukani.

"Lorraine, umeniandika."

"Nimekuandika. Nimekosea jina?"

"Siasa kali! Mimi?"

"Delmar, umetundika ndoo za kukingia maji ya shira kwenye miti yote ya barabarani, kila ndoo na neno lake. Mtu akipita na gari ni kama anatukanwa polepole."

"Si matusi. Ni hoja."

"Ndoo ya mwisho imeandikwa LORRAINE."

"Hiyo ni anwani."

Wazee wanaocheza karata karibu na jiko wakaacha karata. Lorraine akafungua kabati la kioo kama anavyofungua kila asubuhi ya maisha yangu, akatoa donati, ile ya sukari ya mdalasini.

"Haya. Unataka au hutaki?"

Nikasema, "Sitaki."

Mpwa, donati ile nikaiacha mkononi mwake. Nikatoka kichwa juu. Weka hiyo kwenye kamusi.

Mjomba wako mwenye siasa kali,
Delmar Tatro


Providence, Rhode Island
17 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kipande cha jarida kimefika salama na nimekiweka kwenye faili. Nimekisoma kwa sauti ofisini, watu wakacheka sana, isipokuwa mkuu wangu. Yeye anasema neno hili ni la watu wanaotega mabomu, na mtu aliyekataa donati hawezi kukaa nao kwenye mstari mmoja. Mimi nasema watu wanalitumia hata kwa mambo madogo, kila siku, na kazi yetu ni kuandika wanachosema. Hatujaelewana.

Kwa hiyo nisaidie. Kwanza, kwenye faili zima sijaona mtu anayelisema juu ya nafsi yake kwa dhati. Siku zote ni fulani kasema juu ya fulani. Wewe umetia sahihi kwa neno hilo. Ulikuwa na maana hiyo au ulikuwa unajigamba? Pili, watu wanaoingiwa huwa wametiwa na mtu. Wewe nani alikutia? Tatu, Bi Lorraine alipokuuliza kuhusu donati, alicheka?

Tafadhali, Mjomba, niambie yaliyotokea kama yalivyotokea. Yule dereva wa greda aliyenenepa ardhini sijamweka kwenye faili.

Mama anasema hahofii kwamba utahama. Anahofia kwamba barabara itafutwa na hutahama, utakaa huko juu peke yako theluji imekufika shingoni, na hakuna gari la kukufikia. Simwambii, lakini na mimi hilo ndilo linalonikosesha raha. Naomba ushinde.

Wako,
Corinne


Kilima cha Peck
25 Februari

Mpwa wangu,

Mkuu wako hajawahi kuonja donati ya Lorraine, ndiyo maana anaongea hivyo. Mwambie kutega bomu mtu yeyote mjinga anaweza. Kupita mbele ya duka lile asubuhi, mdalasini unakuja hadi barabarani, na usigeuze shingo, hiyo ni kazi ya mwanaume. Nimepita kila siku tangu siku ile. Sijageuka. Gilles anasema shingo yangu sasa imekuwa ngumu kama ya bundi aliyekufa.

Hakucheka. Mimi nilidhani atacheka. Alirudisha donati kabatini, akachukua kitambaa akafuta kaunta mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Hayo ndiyo yaliyotokea kama yalivyotokea, na sijui unayataka ya nini.

Nani alinitia? Gilles anadai ni yeye, na mvinyo wake wa matufaha. Muongo. Ilikuwa barua ya baraza. Ilisema barabara yetu "haina matumizi makubwa." Nikaisoma, nikatoka nje nikaitazama hiyo barabara. Kulikuwa na nyayo za paa, alama za tairi za Gilles, nyayo zangu mwenyewe za kwenda na kurudi. Nikasema, hayo si matumizi? Hapo hapo nikahisi kitu kinapanda kutoka magotini. Gilles anasema ni baridi yabisi. Mimi nasema ni siasa.

Kama nilikuwa nasema kweli au najigamba? Mpwa, mimi hivyo viwili sijawahi kuvitenganisha.

Sasa sikiliza mipango, na usimwambie mtu maana Lorraine ana masikio hadi Rhode Island. Kilima kizima tumejipanga. Kuna mimi, kuna Gilles, kuna akina dada wa Hodgdon ambao wamezeeka lakini sauti zao zinapasua barafu, na nyumba nyingine tatu. Tunakutana zizini kwangu. Nimeandika hotuba. Nimeisoma mbele ya ng'ombe mara nyingi mpaka yule mweupe akianza kusikia neno "Mababu zetu" anatoka mwenyewe.

"Wamekukubali," Gilles akaniambia. "Hakuna aliyepinga."

"Wanatafuna."

"Ukumbini nako watakuwa wanatafuna. Endelea."

Hesabu ya kura ni nyepesi. Ukumbini watu wa kule chini mjini ni wengi, lakini kufikia mchana wengi wamechoka, wamekula, wamekwenda zao. Hoja yetu iko mwisho mwisho. Sisi tukikaa viti vya mbele safu nzima tangu asubuhi, tusinyanyuke, tukapiga "siyo" ya pamoja, tunawashinda. Kwa hiyo tumekula kiapo, kila mtu mkono wake juu ya karai la shira: siku hiyo hakuna kutoka ukumbini. Nyumba ikiungua, iungue. Ng'ombe akizaa, azae. Dada mkubwa wa Hodgdon aliuliza, "Na mtu akifa?" Nikamwambia afie kitini, asipoteze nafasi.

Miti bado imelala, baridi kali. Huku ukimuuliza mtu yeyote atakwambia maji ya miti hayatashuka kabla ya katikati ya Machi. Nimekaa mkao mzuri.

Mjomba wako,
Delmar Tatro


Kilima cha Peck
8 Machi

Corinne!

Barabara ipo! Mwambie mama yako alale usingizi. Hoja imeanguka, barabara ya Peck inabaki barabara ya mji, gari la theluji lilipanda leo asubuhi na dereva akapiga honi mlangoni kwangu.

Nimetoa hotuba, mpwa. Nimeitoa yote kuanzia "Mababu zetu" hadi "Nimemaliza." Hakuna aliyenikatiza. Sijawahi kusikilizwa namna ile tangu nimezaliwa. Nilipofika pale pa babu yako kubeba jiwe la msingi mgongoni akiwa na homa (na lile jiwe, usiamini watu, lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa), hakukuwa na msikilizaji aliyebaki na jicho kavu. Hata Lorraine Bushey. Hasa Lorraine Bushey. Machozi yalimchuruzika mpaka akavua miwani.

Siandiki mengi kwa sababu shira iko motoni. Miti ilifungua mapema, mapema mno, maji yanashuka kama bomba limepasuka. Nimechemsha tangu Jumanne sijavua buti. Ya mwaka huu ni ya dhahabu, ukiiweka kwenye chupa huhitaji taa. Nakutumia galoni moja, usimpe mkuu wako.

Kuhusu pai siku ya Mkutano, nilikula vipande vitatu.

Mshindi,
Mjomba Delmar


Providence
14 Machi

Mpendwa Bi Lorraine,

Shikamoo. Mimi ni Corinne, yule mtoto wa dada yake Delmar uliyekuwa ukimpa donati. Sasa ninafanya kazi ya kamusi. Wewe uliandika kwenye jarida la mji kwamba mjomba wangu ameingiwa na siasa kali, na sisi hapa tunajaribu kuiandika maana ya maneno hayo. Ningependa kujua kutoka kwako mwenyewe, ulipoandika ulikusudia nini?

Na kama hutajali, swali jingine. Mjomba ameniandikia kwamba barabara imepona, na kwamba alitoa hotuba nzima hadi ukalia. Nafurahi mno kwa habari hizo. Ila namfahamu mjomba wangu. Anasema miti ilianza kutoa maji Jumanne, na Jumanne ndiyo ilikuwa Siku ya Mkutano, na anasema amechemsha tangu siku hiyo bila kuvua buti. Sielewi mtu mmoja alikuwaje ukumbini na kibandani kwa wakati mmoja.

Wako mtiifu,
Corinne


Wexley
22 Machi

Mpendwa Corinne,

Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka. Ulikuwa ukilamba sukari unarudisha donati.

Nianze na hili la pili maana ndilo jepesi. Usiku wa kuamkia Mkutano kuligandisha sana, na asubuhi jua likatoka kama la Mei. Unajua maana yake, maji ya miti yanaanza kushuka. Watu wa kilimani walikuwa wamekaa safu nzima ya mbele, wametuna kama mabata mzinga. Tulipofika kwenye bajeti ya maktaba nikamwona Gilles Fortin anatazama dirishani. Barafu ya kwenye mapaa ilikuwa inadondoka. Akasema anakwenda msalani. Hakurudi. Dada mdogo wa Hodgdon akasema anamtafuta Gilles. Dada mkubwa akaenda kumtafuta mdogo. Maji ya kwanza ya miti hayamngojei mtu, ukiyaacha ndooni na jua lile yanachacha, na ndiyo yanayotoa shira nzuri kuliko zote. Hata mtu wa mjini huku analijua hilo.

Delmar alibaki hadi chakula cha mchana. Sema hivyo kwenye faili, anastahili. Alikaa peke yake safu nzima, magoti yanamchezacheza. Alikula pai, kipande kimoja tu, tena hakumaliza. Halafu akavua kofia yake, ile yenye masikio ya manyoya, akaiweka juu ya kiti kushikilia nafasi, akaondoka kwa mlango wa jikoni.

Hoja ya barabara iliposomwa, safu ya mbele palikuwa na kofia.

Mimi ndiye niliyeiandika hoja ile, Corinne, na sikuiandika kwa ubaya. Tuna gari moja la theluji na dereva mmoja mwenye mgongo mbovu. Mtu mmoja nyuma, simtaji jina kwa kuwa ni shemeji yangu, akapaza sauti, "Lorraine, pigisha kura sasa hivi, wamekwenda kuchemsha!" Ukumbi ukacheka. Kura nilikuwa nazo. Ningeinua mkono tu ingekwisha. Lakini kutoka pale nilipokaa, kwenye dirisha la upande, unakiona Kilima cha Peck chote, na kila kibanda kilikuwa kinatoa mvuke mweupe ukienda juu moja kwa moja. Cha mwisho kabisa kilikuwa cha Delmar.

Nikasimama nikaomba hoja irukwe, isijadiliwe wala kupigiwa kura mwaka huu. Shemeji akasema, "Na wewe umeingiwa?" Nikamwambia, "Siwezi kupiga kura dhidi ya mtu huku natazama mvuke wake." Ikarukwa. Ndivyo barabara ilivyopona.

Jioni ile nikampelekea kofia yake. Alikuwa amesimama mbele ya karai, jasho linamtoka, akaniona akajua mkutano umekwisha. Nikamwambia barabara imepona. Alisema tu, "Nilikuwa nimeandika hotuba." Nikamwambia, "Basi isome." Akaitoa mfukoni, karatasi imelowa, akaisoma yote, anachochea moto kwa mkono mmoja. Hakuniachia hata nukta. Sehemu ya babu yako na jiwe ni nzuri, ningependa ukumbi uisikie. Mvuke wa shira huchoma macho, mtu yeyote wa huku atakwambia. Andika hivyo.

Nilikuwa nimekuja na donati kwenye mfuko wa karatasi. Niliiweka juu ya kuni. Nilipogeuka mfuko ulikuwa mtupu naye anatazama juu.

Nilipotaka kuondoka gari langu lilikuwa limezama hadi milangoni. Hiyo ndiyo barabara niliyokuwa naiandikia barua kutoka dukani. Farasi wa Gilles walinivuta asubuhi. Nililala kwa akina Hodgdon, wanakoroma kwa zamu. Wiki hii nimeliambia baraza kokoto za mwaka huu zianze Kilima cha Peck kabla ya kwingine kokote, na mkuu wa hazina amekwisha kuwaambia watu dukani kwangu mwenyewe kwamba Lorraine ameingiwa na siasa kali. Unaweza kuliweka na hilo.

Sasa swali lako la kwanza. Nilikusudia nini. Delmar amekuja dukani kwangu kila asubuhi tangu marehemu mume wangu yu hai, na siku zote alikubaliana na kila mtu. Halafu asubuhi moja anatundika jina langu kwenye ndoo mtini. Niliposikia, nikakosa neno la mtu niliyemjua namna ile kugeuka nisimjue. Nikaandika lililokuwa kwenye redio. Sidhani lilikuwa neno lake. Lilikuwa langu, mimi niliyebaki nyuma ya kaunta.

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Lorraine Bushey


Providence
5 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Galoni imefika. Nilimpa mkuu wangu kijiko kimoja, unisamehe. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, halafu akaniruhusu niandike nilichotaka. Maana ya kwanza ni ya mabomu, kama alivyotaka yeye. Ya pili ni hii, nimeiandika mwenyewe: "Kushika msimamo mkali kuliko ule ambao watu wako walikuzoea nao, husemwa zaidi na wale walioachwa na msimamo wa zamani." Mfano wake ni ule wa jarida la Wexley, ingawa majina tumeyatoa.

Hongera kwa hotuba. Naambiwa ilikuwa nzuri sana, hasa sehemu ya jiwe.

Wako,
Corinne


Kilima cha Peck
14 Aprili

Mpwa wangu,

Unaambiwa na nani?

Basi, usijibu. Lorraine amekuwa mwekundu kama tufaha nilipomuuliza kama stempu dukani zimepungua. Irudie barua yangu ya mwezi wa tatu, uisome polepole kama mnavyosoma huko kazini. Nilisema nimetoa hotuba yote. Kweli au si kweli? Nilisema hakuna aliyenikatiza, na msikilizaji hakubaki na jicho kavu. Sikusema alikuwa msikilizaji mmoja kwa sababu hukuuliza. Kitu pekee nilichoongeza ni vipande viwili vya pai, na hivyo ningevila kama si magoti.

Maana uliyoiandika nimeisoma dukani mbele ya wazee wa karata. Wakasema hawajaelewa. Lorraine akasema yeye ameelewa, akaingia stoo akakaa huko muda kidogo kutafuta unga ambao uko pale mbele kwenye rafu. Ikawa zamu yangu kufuta kaunta.

Ndoo nimezishusha zote mitini, zina kazi nyingine. Ile ya mwisho imebaki. Nilitaka kuifuta rangi, Gilles akaniuliza, "Ya nini? Si anwani?" Nikaiacha. Imetundikwa sasa pale njia inapogawanyika kuja kwangu, na Jumapili mbili hizi mwenye jina ameifuata bila kupotea. Mama yako asiambiwe, nitamwambia mwenyewe nikishapata hotuba.

Mwakani hoja ikirudi, na shemeji yake anasema itarudi, tumekwisha kujipanga. Hatuapi tena. Tutashusha karai na jiko hadi uani kwa ukumbi, tuchemshie pale pale, mlango wazi, tukipiga "siyo" huku tunachochea. Ukumbi mzima utalia.

Njoo mwezi wa tano, matope yakikauka. Kokoto zimemwagwa juzi hadi kwa akina Hodgdon, kwangu zinafika wiki ijayo. Usizungukie njia ya mtoni kama ulivyozoea. Pita ya Peck. Ipo.

Mjomba wako,
Delmar